Nani Anawe wa Kwanza

Mektrida Ndelilio Mlay, mzaliwa wa Mwika, alikuwa mtoto wa Ndelilio aliyebeba mawe ya kanisa begani kutoka mtoni, Kwaresima mpaka Krismasi, bila kukosa Jumamosi hata moja. Ndelilio naye alikuwa mtoto wa Kornel, yule aliyeuleta mfongo, yaani mfereji wa maji, kutoka msituni mpaka kwenye migomba, akaupitisha kwenye mwamba ambao wanaume wote walisema haupitiki. Mama yake Mektrida alizaa watoto tisa, na hakuna jirani aliyewahi kuona gugu kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani. Mektrida mwenyewe, kabla hajafika miaka thelathini, alimzalisha mwanamke juu ya lori la kahawa lililokwama kwenye tope, akiwa na mkasi, uzi wa kushonea magunia na birika la maji ya moto aliloomba nyumba ya jirani. Mtoto yule sasa ni fundi umeme mjini Moshi, na akikutana na Mektrida barabarani anashuka kwenye baiskeli.

Watu wa ukoo ule wakianza jambo hawaachi njiani. Ni sifa, lakini ina tabu yake, maana mtu wa namna hiyo hata akikosea anakosea kwa nguvu zake zote.

Miaka ile ya ruksa, watu waliporuhusiwa kujianzishia mambo yao, wazazi wa Kilimanjaro walikuwa wakijenga sekondari kama watu wanavyojenga mabanda ya kuku. Ukipanda kilima unaona mabati mapya, ukishuka unaona mengine. Shule ya Wasichana Ngurunyi ilikuwa mojawapo. Wazazi walichanga, wakafyatua tofali, wakaleta walimu, na Mektrida akatoka zahanati aliyokuwa akifanyia kazi akawa nesi wa shule. Alipewa chumba chenye vitanda sita, kabati moja, na wasichana mia na themanini.

Mwaka 1994 shule ilifikisha kidato cha nne kwa mara ya kwanza. Walikuwa wasichana arobaini na mmoja. Mtihani wao wa taifa ulikuwa uanze Jumatatu ya kwanza ya Novemba, hapo hapo shuleni, na hakuna mzazi aliyekuwa hajui tarehe hiyo. Kina mama waliokutana sokoni walikuwa hawaulizani tena habari za mvua, wanaulizana habari za mtihani.

Mvua za vuli zikaja mapema, na matumbo yakaja nazo.

Yalianza Jumatatu na wasichana wawili wa kidato cha kwanza, ambao shuleni waliitwa njuka kama wageni wote wa mwaka ule. Walikuwa wametembelewa na wazazi Jumapili, wakala walicholetewa, na alfajiri wakaonekana wakikimbia kuelekea vyooni, sweta zimevaliwa nyuma mbele. Mektrida hakushtuka. Aliwapa maji ya chumvi na sukari, akawalaza, akaandika majina yao kwenye daftari lake la wagonjwa.

Jumanne walikuwa watano. Hapo akaamua kulikata jambo shingoni.

Asubuhi ile alisimama mbele ya paredi, mikono kiunoni. Hakuwa mrefu, lakini sauti yake ilitosha mabweni yote manne.

"Wasichana, kuanzia leo kila mtu atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Asiyenawa hali. Na msiniambie bomba liko mbali, na msiniambie bombani kuna tope. Naweka mabeseni mezani. Kila meza beseni lake, kila meza sabuni yake. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Nesi!"

"Nani atasema hakusikia?"

Mabeseni kumi na mawili aliyabeba mwenyewe kutoka stoo, matatu matatu, mpaka bwaloni, akayaweka mezani yakang'aa. Kiranja mkuu, Aikande, binti wa kidato cha nne aliyetembea wima kama amebeba mtungi, alipewa kazi ya kusimamia. Na kweli walinawa. Walinawa asubuhi, mchana na jioni, shule nzima, bila kukosa hata mmoja.

Jumatano wagonjwa walikuwa kumi na tisa. Alhamisi walikuwa thelathini na wanne.

Vitanda vilijaa, wakalazwa wawili wawili, kichwa huku na miguu kule. Njia ya kwenda vyooni ilichakaa kama njia ya ng'ombe. Wasichana waliacha kutembea, kila aliyeonekana alikuwa anakimbia au anarudi polepole. Mektrida alipita na ndoo na dekio, amekunja uso, akisema peke yake, "Nimewaambia wanawe, wamenawa. Sasa hili linatoka wapi?"

Akatafuta linakotoka, na kwa haraka yake akaangukia jikoni.

Mpishi wa shule alikuwa Sirili, mwanamume wa makamo, mpole, aliyepika makande ya watu mia na themanini kwenye sufuria mbili na hakuwahi kuyaunguza. Mchana wa Alhamisi Mektrida alimkuta mlangoni mwa jiko akichambua maharage, na foleni ya wasichana imesimama na sahani zake.

"Sirili, hebu nione mikono yako."

Sirili akanyoosha mikono, akidhani ni utani.

"Hizo kucha," Mektrida alisema, na foleni yote ikasikia, "mtu anaweza kupanda viazi humo vikaota. Na hizi ndizo unazotulishia?"

Wasichana wakacheka. Sirili hakucheka. Alisimama, akavua aproni, akaikunja mara nne vizuri kabisa, akaiweka juu ya gunia la maharage.

"Nesi," alisema, "miaka minne nimepika hapa. Leo mniite mchafu mbele ya watoto? Pikeni wenyewe."

Akaondoka akishuka kilima, na hakugeuka nyuma.

Jioni ile kidato cha tatu walipika ugali. Nusu yake iliungua, na nusu ilikuwa mbichi. Mkuu wa shule, Mwalimu Ronald, aliyekuwa mtu wa Dodoma na mwenye sauti ya chini, alimwita Mektrida ofisini.

"Nesi Mektrida, nimepata ujumbe. Bwana Afya wa wilaya amesikia habari zetu, anakuja Jumatatu asubuhi. Akikuta wagonjwa zaidi ya kumi, anafunga shule."

"Afunge kwa muda gani?"

"Wiki tatu. Ndiyo utaratibu wao."

Mektrida akahesabu kichwani. Mtihani ulikuwa Jumatatu inayofuata ile. Shule ikifungwa, kituo cha mtihani kimefungwa, na wasichana arobaini na mmoja wamepoteza mwaka. Aliwajua mmoja mmoja. Alijua ni baba gani angelipa mwaka mwingine, na alijua ni wangapi wangeambiwa, basi mwanangu, umejaribu, sasa kaa nyumbani tukutafutie mchumba.

"Hafungi," alisema.

"Nesi, nimekwambia ni utaratibu wa—"

"Mwalimu, nimesikia. Hafungi."

Alirudi chumbani kwake, akachukua daftari la wagonjwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu, akaanza kusoma majina tangu Jumatatu. Alisoma mara mbili. Mara ya tatu akaanza kuweka alama kwa kalamu pembeni: huyu kidato cha kwanza, huyu kidato cha kwanza, huyu cha pili, huyu cha kwanza. Katika wagonjwa thelathini na wanne, ishirini na watatu walikuwa njuka. Tisa walikuwa kidato cha pili. Wawili kidato cha tatu.

Kidato cha nne hakikuwa na hata mmoja.

Akalala na jambo hilo. Wote wanakula chungu kimoja. Maharage yale yale, maji yale yale, Sirili yule yule. Ugonjwa gani huu unaojua kusoma vidato?

Asubuhi ya Ijumaa hakwenda kwa wagonjwa kwanza. Alikwenda bwaloni kabla ya uji, akasimama nyuma ya mlango, akatazama.

Meza ya kwanza, wasichana kumi na watano, wakubwa kwa wadogo, kama walivyopangwa. Beseni katikati, maji safi, sabuni. Aikande, kwa kuwa ndiye mkubwa mezani, alinawa wa kwanza. Akalisogeza beseni kwa mwenzake wa kidato cha nne. Kisha likaenda kidato cha tatu. Kisha cha pili. Kila aliyepokea aliinamisha kichwa kidogo kwa adabu, akatumbukiza mikono, akasugua, akapitisha. Lilipofika kwa njuka waliobanana mwisho wa benchi, maji yale yalikuwa kama yaliyooshewa magimbi. Nao wakatumbukiza mikono yao midogo humo humo, wakaitikisa, wakashika vikombe vya uji. Na mmoja wa njuka wale alikuwa ametoka kulala chumba cha wagonjwa siku mbili.

Hakuna aliyekosea. Ndivyo walivyolelewa. Kwao, beseni linaanza kwa baba, linakwenda kwa wageni, kwa kaka wakubwa, na mtoto wa mwisho anapata kilichobaki. Mektrida mwenyewe, mtoto wa saba kati ya tisa, alikuwa amenawa maji ya namna ile utoto wake wote na kushukuru. Lakini mabeseni haya hayakuletwa na baba wa mtu. Kabla ya Jumanne wasichana walikuwa wakinawa bombani, na wengine, tuseme kweli, walijifuta kwenye sketi. Yeye ndiye aliyeyabeba kutoka stoo, matatu matatu. Yeye ndiye aliyesema asiyenawa hali.

"Mungu wangu," alisema nyuma ya mlango. "Nimewapikia ugonjwa mezani, na sabuni juu."

Alicheka kidogo, maana ilikuwa ama kucheka ama kulia, na wakati wa kulia hakuwa nao. Kisha akaingia katikati ya bwalo, akachukua beseni la meza ya kwanza, akalimwaga nje dirishani. Akachukua la pili. Wasichana wakaacha uji.

"Leo ni mwisho wa mabeseni. Mikono itanawishwa kwa jagi, maji yanamwagika chini, hakuna anayenawa maji ya mwenzake. Na jagi litashikwa na kidato cha nne."

Aikande akasimama.

"Samahani, Nesi. Tumnawishe nani?"

"Njuka kwanza. Kisha kidato cha pili, kisha cha tatu. Ninyi mtanawishana mwisho."

Bwalo likalipuka. Njuka walifurahi mpaka mmoja akapaliwa na uji. Kidato cha nne walitazamana kama watu waliotukanwa msibani.

"Nesi," Aikande alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima lakini imejaa moto, "mimi nimnawishe njuka? Amekuwa mama mkwe wangu?"

"Bado hujaolewa, huna mama mkwe. Lakini mtihani unao, na zimebaki siku kumi. Shika jagi."

"Watatucheka, Nesi."

"Wakucheke. Bwana Afya akifunga shule, hawa njuka watarudi Januari waendelee. Wewe utarudi wapi?"

Aikande alimtazama Mektrida, akatazama njuka wa mwisho wa meza, katoto kembamba kaitwako Monica, kalikokuwa kamenyoosha mikono tayari na kucheka kwa meno yote.

"Wewe usizoee," Aikande alimwambia, akachukua jagi.

Hapo nusu ya kazi ikawa imefanyika. Nusu ya pili ilikuwa ngumu kuliko kumwaga mabeseni.

Mwalimu Ronald alishauri Sirili aandikiwe barua. "Barua rasmi, na muhuri wa shule," alisema.

"Muhuri hauoni haya," Mektrida alimjibu. "Mwalimu, huku kwetu kuna njia yake."

Alitembea mpaka kihambani kwao, penye mpaka uliopandwa masale, akachuma jani moja refu la isale, akalifunga fundo kama alivyoona babu yake akifanya. Mchagga akimkosea mwenzake na kumpelekea isale, yule aliyekosewa hawezi kuligeuzia mgongo, lazima asikilize. Lakini mwenye kulipeleka naye hawezi kujitetea. Analibeba mkononi mahali watu wanaona, na kila anayekutana naye njiani anajua kuwa huyu amekosa. Mektrida alishuka nalo barabara kuu saa nne asubuhi. Alisalimiwa na watu wasiopungua ishirini. Kila mmoja alitazama mkono wake kwanza, kisha uso.

Sirili alikuwa uani akikatia ng'ombe majani. Aliliona isale akaweka panga chini.

"Karibu, Nesi. Umekuja kuvuna viazi?"

"Nimestahili hiyo. Endelea, kama zipo nyingine."

"Zipo. Mke wangu amezitunga tangu jana, lakini nyingine haziwezi kusemwa mbele ya isale."

Mektrida akamwekea jani mikononi. Akamweleza yote, beseni na njuka na daftari, na hakujipunguzia kitu. Sirili alisikiliza. Mwisho akalitazama lile fundo akaguna.

"Hili fundo umefunga kama kidonda. Lakini nimelipokea. Nitarudi leo hii, kwa sharti moja."

"Sema."

"Ulinitukana mlangoni mwa jiko, na foleni imesimama. Utanisafisha pale pale, na foleni imesimama."

Ilikuwa Ijumaa mchana. Foleni ilisimama. Mektrida Ndelilio Mlay, ambaye alikuwa hajawahi kumwomba radhi hata padre, alisimama mlangoni mwa jiko akasema kwa sauti ile ile ya paredi: "Wasichana, jana nilisema Bwana Sirili ni mchafu. Nilisema uongo. Aliyewaletea ugonjwa ni mimi na mabeseni yangu. Mnaweza kucheka sasa, nawapa dakika moja."

Hakuna aliyecheka. Sirili alivaa aproni yake, akakoroga sufuria.

Wagonjwa wakaanza kupungua. Jumamosi walikuwa ishirini na sita. Mektrida hakutoka shuleni. Kila mlo alisimama bwaloni akihesabu mikono, na jagi lililoguswa na mgonjwa lilioshwa kwa maji ya kuchemka. Kidato cha nne walinawisha kwanza kwa kinyongo, kisha kwa mashindano, meza ipi itamaliza mapema. Jumapili walibaki kumi na mmoja. Jumatatu alfajiri alipita kitandani kwa kila mmoja, akagusa ngozi, akatazama ulimi, akawaruhusu wanane waende darasani. Watatu tu. Alijiruhusu kikombe cha chai.

Hajakimaliza akasikia miguu mlangoni. Wasichana tisa wa kidato cha pili walikuwa wamesimama mstari mmoja, wote wameshika matumbo.

"Shikamoo, Nesi. Tunaumwa."

"Marahaba. Mnaumwa wote tisa, kwa mpigo?"

"Ndiyo, Nesi. Linakata, linaachia. Linakata, linaachia."

Mektrida alitazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Kidato cha pili, saa tatu: jaribio la hesabu. Alilijua tumbo hilo tangu shule ifunguliwe. Halina homa, haliharishi, na linapona kengele ya mwisho ikilia. Siku nyingine angewacheka. Leo tisa na watatu ni kumi na wawili, na nje ya dirisha gari la Bwana Afya lilikuwa linaingia getini.

Kuwafukuza hakungesaidia, wangelia uwanjani mbele ya mgeni. Akachungulia dirisha la upande wa jikoni.

"Sirili!" aliita. "Leo mchana tunakula nini?"

Sirili alikuwa anamenya ndizi. Aliinua kichwa, akaona mstari wa wasichana, akaona gari, na mtu yule alikuwa na akili.

"Machalari, Nesi!" alijibu kwa sauti ya kufika bondeni. "Ndizi na nyama! Nyama ya kifua, mkuu wa shule kachinja kwa ajili ya mgeni! Wagonjwa wangapi niwatenge? Maana wao ni uji mweupe leo na kesho, bila chumvi!"

Wasichana tisa wakatazamana.

"Nesi," mmoja akasema, "mimi naona langu limeachia."

"Limeachia kabisa, au litakata tena?"

"Limeachia moja kwa moja."

"Hata langu."

"Basi kimbieni hesabu. Na mtembee kama watu wazima, msishike tumbo!"

Walipishana na Bwana Afya mlangoni, wakamwamkia vizuri sana. Bwana Afya aliwaona wagonjwa watatu, akasoma daftari, akakagua vyoo, jiko, na kucha za Sirili, ambazo Sirili alimpelekea mwenyewe kabla hajaulizwa. Mchana akakaribishwa bwaloni. Aikande alikuja na jagi, akaanza na njuka wa meza ile, Monica wa kwanza, mgeni akisubiri mikono ikiwa hewani. Mwalimu Ronald alitaka kujificha chini ya meza.

"Hapa mgeni ananawa baada ya watoto?" Bwana Afya aliuliza.

"Hapa ananawa mwenye tumbo jipya kwanza, mzee," Aikande alimjibu. "Samahani. Nesi ndiye sheria."

Bwana Afya alicheka, akanyoosha mikono tena. Shule haikufungwa. Jumatatu iliyofuata wasichana arobaini na mmoja waliingia chumba cha mtihani, wote kwa miguu yao, na hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa ya kutoka nje.

Siku walipomaliza, Aikande alikuja na sanduku lake kuaga.

"Nesi, naondoka. Nashukuru kwa yote, hata kwa njuka."

"Kaa kwanza. Krismasi mko wangapi nyumbani?"

"Wakija wote, wa Dar, wa Arusha, wa Tanga? Hatupungui thelathini. Na watoto wadogo sijawahesabu."

"Mnanawaje?"

Aikande aliweka sanduku chini. "Beseni, Nesi. Linaanza kwa baba."

"Na linaishia kwa nani?"

"Kwa watoto wa dada yangu. Mdogo ana mwaka na nusu."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Mtihani wa serikali umemaliza, sasa nakupa wangu. Krismasi hii hakuna beseni mezani kwa Mzee."

"Nesi, baba yangu humjui! Atasema nimesoma mpaka nimekosa adabu."

"Baba yako namjua tangu anavaa kaptula. Usimwondolee ukubwa wake, mwondolee beseni tu. Mmwagie maji yeye wa kwanza, kwa magoti kabisa, umsifu na mikono yake. Akishanawa hatakuwa na neno. Kisha ugeuke moja kwa moja kwa yule wa mwaka na nusu, kabla wajomba hawajanyoosha mikono."

"Na wajomba wakikasirika?"

"Watakasirika. Wewe endelea kumwaga. Januari uje unieleze watoto wangapi wameumwa, na uniletee majina."

Aikande alinyanyua sanduku lake. Alifika mlangoni akarudi.

"Nesi, kwetu hatuna jagi. Tuna birika la chai."

"Lichemshe kwanza," Mektrida alisema.